Suluhu Baada ya Ahadi Kuvunjwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad.

Ndugu zetu, liko swali liulizwalo mabarazani katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba: mtu aliyevunjiwa ahadi mara moja, kisha mara ya pili, je, yampasa kuketi tena kusuluhiana na yule yule? Wako wasemao kwamba huo ni unyonge, kwani mwenye akili hatii mkono mara mbili katika tundu la nyoka. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa.

Natutazame yaliyopita. Baada ya uchaguzi wa 1995, uhasama wa CCM na CUF uliingia hata majumbani. Watu wa mtaa mmoja walisusiana maziko na harusi, wakasusiana maduka, na wengine wakatengana hata katika misikiti. Mwaka 1999 vyama viwili vikatia saini Muafaka, nao haukutimizwa. Januari 2001 ikamwagika damu: watu zaidi ya 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba ya mwaka ule ule ukatiwa saini Muafaka wa pili, na baadhi ya mambo yake makubwa yakabaki katika karatasi. Mazungumzo ya tatu yakakwama 2008.

Basi tarehe 5 Novemba 2009, walipokutana Ikulu ya Zanzibar Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, wengi walisema ni yale yale. Na Maalim Seif alipotangaza kumtambua Karume kuwa Rais, baadhi ya wafuasi wake walikasirika, wakaona haki yao imeuzwa.

Hapa twakumbuka Hudaibiya. Hatumlinganishi mtu yeyote na Mtume (s.a.w.), bali twajifunza kwake. Makureshi walikataa aandikwe katika mkataba kwa cheo cha Utume, naye akaridhia kifutwe. Masahaba wakaona uchungu, na miongoni mwao Sayyidna Umar. Lakini kufutwa kwa neno katika karatasi hakukuondoa Utume. Vivyo hivyo, atiaye saini ya suluhu hakukiri kwamba hakudhulumiwa. Na haki ya aliyeuawa haifutwi kwa wino wa wakubwa. Yabaki kwa wenyewe mpaka walipwe.

Ama hoja ya tundu la nyoka, jawabu lake ni hili: kutoaminiana si sababu ya kukataa suluhu, ni sababu ya kuifunga barabara. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikungoja mdai na mdaiwa waaminiane, wala haikuwakataza kukopeshana. Ikiwa fedha zataka mwandishi na mashahidi, je, damu za watu?

Miafaka miwili ya kwanza ilikuwa mikononi mwa vyama tu. Aliyetaka kukwepa alikwepa. Maridhiano yalipelekwa kwa wananchi. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura wakayakubali, na Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa ili chama kilichofuata mshindi kipate Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ukapita kwa utulivu.

Mtu atasema: mbona uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 CUF wakaususia? Ni kweli, na jeraha lilikuwa kubwa. Walakin mlango uliojengwa ndani ya Katiba haukubomolewa. Baada ya uchaguzi wa 2020, nao ukiwa umejaa malalamiko, Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, aliingia kwa mlango ule ule, akawa Makamu wa Kwanza mpaka alipofariki tarehe 17 Februari 2021. Karatasi ya 1999 isingaliweza kuhimili pigo kama lile.

Kwa hivyo, ewe ndugu, usiulize kwanza: moyo wa mwenzangu umesafika? Mioyo aijuaye ni Mola. Uliza: ahadi imeandikwa wapi, mashahidi ni nani, na akivunja atazuiwa na nini? Nawe uliye na nguvu, jua kwamba deni la ahadi lakuelemea wewe zaidi, kwani mnyonge hana cha kuvunja ila subira yake. Na asemaye barazani kwamba ugomvi uendelee, kwanza atazame ni mtoto wa nani atakayezikwa. Mara nyingi si wake.

Wabillahi tawfiq.