Sherifu Amtii Nani Kwanza?

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na neno "sherifu" katika habari za Marekani, huenda akalidhania kuwa ni ndugu wa neno letu "sharifu". Dhana hiyo si ya ajabu, kwani maneno hayo yanakaribiana kwa sauti hata katika wingi wake: masherifu, masharifu. Lakini hayana udugu wowote. Sharifu ni neno la asili ya Kiarabu, na humtaja mtu mwenye heshima, hasa wa ukoo wa Mtume. Sherifu limetokana na Kiingereza cha kale, ambamo neno lenye maana ya jimbo liliunganishwa na neno lenye maana ya msimamizi. Huyo msimamizi wa jimbo alikuwa mtu wa mfalme. Alimkusanyia kodi na kuwakamata wahalifu, na raia walimchoka kiasi kwamba Magna Carta ya mwaka 1215 ilimkataza kwa kumtaja kuchukua farasi na magari ya watu huru bila ya ridhaa yao. Heshima, basi, haikuwamo katika jina lake. Kila aliyelichukua jina hilo ilimpasa kuitafuta mwenyewe.

Waingereza waliohamia Amerika walikwenda na cheo hicho, na huko kikapata mabadiliko makubwa. Mfalme alipokwisha kuondolewa, sherifu akawa mtu wa kuchaguliwa kwa kura. Sisi wa nchi hizi tumezoea maofisa wanaotoka juu. Maliwali na maakida wa enzi za wakoloni waliteuliwa na serikali, na mkuu wa polisi wa leo naye huteuliwa, na yule aliyempa cheo ndiye awezaye kumnyang'anya. Sherifu wa Marekani hana bwana wa namna hiyo. Nchi ile ina kaunti zipatazo 3,000, na karibu kila kaunti ina sherifu wake, ambaye kwa kawaida huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Ziko tofauti, kwa mfano jimbo la Connecticut lilikifuta cheo hicho mwaka 2000, lakini hizo ni chache.

Kazi zake ni nyingi. Hulinda usalama katika sehemu zisizo na polisi wa mji, hutafuta waliopotea nyikani, hulinda majengo ya mahakama, hupeleka hati za wito. Hizo tuziache zipite. Zimo kazi mbili ambazo ndizo hasa zinazomtia katika mtihani wa dhamiri. Ya kwanza ni kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo wa mahabusu ya kaunti, na wengi wa waliomo humo hawajahukumiwa bado. Wanangoja tu siku ya kesi, kila mmoja akiwa katika mikono ya mtu mmoja. Ya pili ni kutekeleza amri za mahakama, pamoja na ile ya kuwatoa watu katika nyumba. Tanzania kazi kama hiyo hufanywa na dalali wa mahakama. Kule hufanywa na sherifu au wasaidizi wake, wakiwa na bunduki viunoni.

Sasa mtu huyu ana mabwana wawili. Wapiga kura ndio waliomweka, na mahakama ndiyo inayomwamuru. Tena yuko mtu wa tatu, ambaye si bwana hata kidogo: mfungwa aliye nyuma ya mlango, au mpangaji aliye ndani ya nyumba. Huyu hana la kumpa sherifu wala la kumnyima. Wote watatu wakitaka jambo moja, kazi ni nyepesi. Wasipopatana, aanze na nani? Wengi wetu, hasa sisi walimu tunaopenda kanuni, tutajibu upesi kwamba sheria ndiyo ya kwanza, mengine hufuata. Jibu hilo ni zuri, lakini naona halitoshi, na nitaeleza kwa mambo mawili yaliyotukia kweli.

La kwanza lilitokea Chattanooga, katika kaunti ya Hamilton, jimbo la Tennessee. Mnamo Januari 1906 mwanamke mmoja wa Kizungu alishambuliwa usiku akirudi nyumbani. Sherifu wa kaunti aliitwa Joseph Shipp, na uchaguzi ulikuwa karibu. Baada ya siku chache kijana mweusi aitwaye Ed Johnson akakamatwa. Mashahidi kadhaa walieleza kwamba jioni ile alikuwa katika kilabu cha pombe alikofanya kazi, na mwenyewe aliyeshambuliwa hakuwa na hakika kamili kwamba ndiye. Hata hivyo baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimwona ana hatia, akahukumiwa kufa.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wa kisa hiki hulipita mbio, nami nataka tulitue kidogo. Kabla ya kesi, umati ulikwisha kuivamia mahabusu mara moja ukimtafuta Johnson, lakini haukumkuta, kwa sababu alikuwa amekwisha kupelekwa mji mwingine ili asalimike. Maana yake ni kwamba Shipp alijua vizuri namna ya kumlinda mtu. Alijua kwamba umati ungeweza kuja, na alijua dawa yake.

Mawakili wawili weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, waliichukua kesi hiyo kwa ujasiri wakaifikisha Washington. Tarehe 19 Machi 1906 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani iliamuru hukumu isimamishwe mpaka rufani isikilizwe, na sherifu akapelekewa habari kwa simu ya maandishi. Usiku ule ule umati ukaja. Mahabusu haikuwa na walinzi wake wa kawaida, alikuwamo mtu mmoja tu. Watu wale walitumia muda mrefu kuivunja milango, na hakuna aliyeitwa kuja kuwazuia. Shipp mwenyewe alifika, akawekwa kando na umati bila ya kuumizwa, wala hakufanya juhudi yoyote ya maana. Johnson alichukuliwa hadi daraja la Walnut Street, lililo juu ya mto Tennessee, akanyongwa hapo, kisha akapigwa risasi.

Mwaka huo huo Shipp alichaguliwa tena. Alipoulizwa na gazeti, aliitupia lawama Mahakama iliyoingilia kati. Mahakama nayo haikunyamaza. Ilimshtaki kwa kudharau amri yake, na mwaka 1909 ikamhukumu kifungo cha siku 90. Mpaka leo hiyo ndiyo kesi pekee ya jinai ambayo Mahakama ile imeiendesha yenyewe. Shipp alipotoka kifungoni, umati mkubwa ulimlaki kwa shangwe kama shujaa.

Mtu ataniambia: kisa hicho chathibitisha kwamba sheria ndiyo ya kwanza, kwa kuwa Shipp angeitii mahakama Johnson asingekufa. Ni kweli. Lakini hebu na tutazame jambo la pili kabla hatujafunga shauri.

Mwaka 2008, wakati mikopo ya nyumba ilipoporomoka Marekani nzima, mabenki yalikuwa yakinyakua maelfu ya nyumba zilizowekwa rehani. Katika kaunti ya Cook, yenye jiji la Chicago na watu zaidi ya milioni tano, sherifu alikuwa Tom Dart. Wasaidizi wake walikuwa wakifika mlangoni na amri halali ya mahakama, wanawakuta wapangaji wasiojua lolote. Wapangaji hao walikuwa wamelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Mwenye nyumba ndiye aliyeipokea fedha hiyo asiipeleke benki. Sheria ilitaka waarifiwe mapema na wapewe muda wa kuhama, lakini mara nyingi benki haikujisumbua hata kuchunguza ni nani anayekaa ndani. Vyombo vyao vikatolewa barabarani pamoja na watoto.

Tarehe 8 Oktoba 2008 Dart alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba ofisi yake haitamtoa tena mtu yeyote katika nyumba iliyonyakuliwa na benki, mpaka pawepo utaratibu wa kuwalinda wasio na kosa. Chama cha mabenki ya jimbo la Illinois kikamshutumu kwamba anajichukulia sheria mkononi. Yeye alijua kwamba aweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama, kosa lile lile la Shipp. Siku chache baadaye mahakama ya kaunti iliweka masharti mapya: benki ilazimike kuthibitisha, kabla ya yote, ni nani anayekaa ndani na kwamba amearifiwa. Kazi ikaendelea. Mwaka 2009 Bunge la Marekani nalo lilipitisha sheria ya kuwapa wapangaji wa namna hiyo notisi ya siku 90, na mwaka 2018 sheria hiyo ikafanywa ya kudumu.

Basi tunao watu wawili, wote wenye cheo kimoja na kiapo kimoja, na wote hawakuitekeleza amri. Kama kipimo chetu ni utii peke yake, itatubidi tuwaweke katika kapu moja. Nani kati yetu yuko tayari kufanya hivyo?

Kwa maoni yangu tofauti yao kubwa imo katika yule mtu wa tatu. Shipp alimtoa sadaka aliyekuwa mikononi mwake ili awapendeze waliokuwa nje, wenye kura. Dart alimkinga aliyekuwa mikononi mwake. Nasema wajibu wa kwanza wa sherifu unamwelekea mtu huyo, kwa sababu nyepesi: wengine wote wana mahali pengine pa kukimbilia. Benki ina mawakili. Wapiga kura wana uchaguzi. Mahakama ina uwezo wa kutoa amri nyingine kesho. Mfungwa hana isipokuwa mwenye ufunguo.

Lakini hapo pia hatujamaliza, kwani hoja hiyo ikiachwa peke yake ina hatari. Kila dhalimu aweza kudai kwamba anamkinga fulani. Joe Arpaio alikuwa sherifu wa kaunti ya Maricopa, jimbo la Arizona, kwa miaka 24. Alishinda uchaguzi mara sita, na alipendwa na wengi kwa kuwalaza wafungwa katika mahema kwenye joto la jangwani. Mwaka 2011 jaji wa serikali ya shirikisho alimwamuru aache kuwazuia watu kwa kuwashuku tu kwamba hawana vibali vya kukaa nchini. Yeye akaendelea. Wapiga kura walimtoa mwaka 2016, na mwaka 2017 alitiwa hatiani kwa kudharau mahakama, lakini kabla ya kutolewa adhabu Rais akamsamehe. Arpaio naye alikuwa na wa kuwataja: wananchi waliomchagua. Leo wako masherifu wanaodai kwamba katika kaunti zao hakuna mkubwa juu yao katika kuifasiri katiba. Mimi nayaogopa madai hayo. Ni ya mfalme mdogo katika kila kaunti.

Kwa hiyo nauliza pia jinsi amri ilivyokataliwa. Dart alikataa mchana, kwa jina lake, akaeleza sababu, akaipa mahakama nafasi ya kumwadhibu au kujirekebisha. Na iliporekebisha, akarudi kazini. Hakudai kwamba neno la mwisho ni lake. Shipp hakukataa kwa kinywa. Alikwenda zake akauacha mlango kwa mtu mmoja, na utovu wake wa utii ulikuwa katika kutokuwapo kwake. Arpaio aliisikia amri, akafanya kama kwamba haikutolewa. Mwenye dhamiri hujiweka penye kuadhibiwa. Kama hataki kulipa gharama hiyo, ni heri ajiuzulu, maana kujiuzulu nako ni njia ya heshima ambayo katika nchi zetu hatuioni mara nyingi.

Kuhusu benki, sitaki nionekane naidharau haki yake. Fedha iliyokopwa ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mdaiwa katika habari ile alikuwa mwenye nyumba. Kumtoa mpangaji bila ya notisi ni kumlipisha mtu asiyekopa, tena kwa kumtumia ofisa wa umma awe mkono wa uonevu huo.

Linabaki swali la kura, na hilo sina jibu lake kamili. Uchaguzi ulimwondoa Arpaio, ingawa baada ya miaka 24. Selma, katika jimbo la Alabama, sherifu Jim Clark, ambaye kikosi chake kilishiriki kuwapiga waandamanaji mwezi Machi 1965, alishindwa mwaka uliofuata, watu weusi walipokwisha kupata haki ya kuandikishwa. Lakini kura hizo hizo zilimrudisha Shipp. Mfungwa wa mahabusu hana kundi la wapiga kura nyuma yake, na mwanasiasa anayemtendea mema hapati faida yoyote siku ya uchaguzi. Mara nyingi hupata hasara. Naona uchaguzi waweza kumzuia sherifu asiwaonee wengi. Kumzuia asimwonee mmoja anayechukiwa na wengi, hapo panahitaji kitu kingine, na mwaka 1906 kitu hicho kilikuwa mawakili wawili waliokubali kuhatarisha maisha yao. Parden na Hutchins ilibidi waihame Chattanooga baada ya kesi. Mwaka 2000 jaji wa kaunti ile ile ya Hamilton alifuta hukumu ya Ed Johnson, na tangu mwaka 2021 sanamu zao watatu zimesimama penye daraja lile.