Likizo ya Mwezi wa Sita na Watoto Wetu



Kipupwe kimefika, shule zimefungwa, na watoto wako nyumbani. Huko Mbozi kahawa imeanza kuwa nyekundu, na mahindi yamekauka yakingoja wavunaji. Hapa Tunduma tuna shida ya namna nyingine. Mji wetu umekaa juu ya njia: barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni, na katikati yake twawaona watoto wetu wakipita na sinia za karanga na mayai ya kuchemsha. Hatuwalaumu wazazi waliokosa unga. Lakini wako wenye unga, nao huwatuma watoto vilevile, ati wazoee maisha. Mtoto huyo hujifunza upesi. Hujifunza kuhesabu chenji, na kumpima kila mgeni kwa mfuko wake.

Tusome Mambo ya Walawi, sura ya 19. Mungu anamwagiza mkulima asivune mpaka pembe za shamba, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kwa agizo hilo alikula Ruthu Mmoabi, mwanamke aliyevuka mpaka akiwa hana kitu. Sisi tunaokaa jirani na Nakonde tungepaswa kumwelewa Ruthu kuliko Wakristo wengi.

Basi twawasihi: nyumba nyingi za Tunduma zina ndugu Mbozi, Momba au Ileje. Mtoto na aende kwa bibi yake walau juma moja. Wala asipelekwe kuwa kibarua. Avune asubuhi, mchana acheze mtoni pamoja na wenzake, mtu mzima akiwa karibu. Wakifika mstari wa mwisho, aulizwe yeye: tuache mahindi mangapi, na kwa ajili ya nani? Pengine atataka kuacha yaliyooza tu. Mzazi asikasirike, maana hapo ndipo somo linapoanza. Amwulize kama yeye mwenyewe angeyala.

Wenye nauli wafike pia Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wakakione kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16 hivi. Watu wazima tusianze papo hapo kuhubiri. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wawatazame ndege na maua ya kondeni, nasi hatumwachi mtoto atazame hata dakika mbili kabla ya kumweleza.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Watoto kadhaa wa parishi yetu wana baba walio safarini na malori, au mama wanaolala ng'ambo kwa biashara. Usiku, wakikaa motoni wakipukuchua mahindi, watoto hawa husema yale wasiyoyasema mjini: kwamba wanaogopa, kwamba baba hakurudi Pasaka. Wengi wetu tulilelewa kwa neno moja, "Nyamaza, wewe ni mwanamume." Lakini Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro mbele ya watu wote, na hakuna aliyemkemea. Tumsikilize mtoto mpaka amalize, na mikono iendelee kupukuchua. Yako maneno ambayo mtoto huyasema kwa urahisi asipotazamwa usoni.

Jumapili ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, kila mtoto alete kopo moja la mahindi aliyovuna kwa mikono yake. Watoto wenyewe wa Shule ya Jumapili watachagua nyumba za kupelekewa, na wazee wa kanisa hawatawabadilishia majina. Asiye na ndugu shambani na aje kanisani Jumamosi, saa moja asubuhi; wako wakulima wetu waliokubali kuwapokea. Aje na sweta, maana asubuhi hizi ni za baridi kali, na lori la mizigo halina turubai.