Mgeni, Mlima na Mpaka: Nani Anabeba Hatari?

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni wazi. Mgeni akifika, jiko linawaka, kuku anachinjwa, hata mtoto mgonjwa wa nyumba anapata mchuzi. Mgeni ni baraka. Lakini katika nchi yetu ya milima na maziwa limezaliwa swali jingine. Itakuwaje kama mgeni amefika, na mwenyeji, badala ya kupona, amekufa kwa ajili yake?

Tunasema juu ya watu wanaosafiri ili kuona uumbaji wa Mungu: kupanda mlima, kulala katika hema, kutazama masokwe porini. Wengi wanatoka Ulaya na Amerika. Lakini vijana wa Goma, wa Kigali na wa Kampala nao wanapenda matembezi hayo. Kwetu milima mizuri imesimama mpakani. Milima ya Virunga inagawanywa na Kongo, Rwanda na Uganda, na mpaka huo umekosa amani miaka mingi. Basi tujiulize: Je, ni haki mtu kuvuka mpaka wenye hatari kwa ajili ya furaha tu?

1. Kupanda mlima si dhambi

Tusianze kwa kuwahukumu wasafiri. Eklezya haikukataa kamwe furaha hiyo. Papa Pio XI, alipokuwa angali Padri Achille Ratti, alikuwa mpanda milima hodari. Mwaka 1889 alipanda Monte Rosa, mlima mkubwa wa Alpi, pamoja na padri mwenzake na viongozi wa njia. Alipokuwa Papa, mwaka 1923, alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimwandika katika orodha ya Watakatifu kijana Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyependa milima na maskini kwa moyo mmoja.

Mtu anayesimama juu ya Nyiragongo, penye urefu wa meta 3,470, akitazama moto chini ya miguu yake, anajiona mdogo. Kujiona mdogo mbele ya kazi ya Mungu ni mwanzo wa sala. Hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni baya.

Lakini mlima una sheria zake, na haumtambui mkubwa wala mdogo. Mfalme Albert wa Ubelgiji, ambaye Parke yetu ya Virunga ilipewa jina lake ilipoanzishwa mwaka 1925, alikuwa mpanda miamba wa miaka mingi. Tarehe 17 Februari 1934 alianguka mwambani huko Marche-les-Dames, katika nchi yake mwenyewe, akafa. Alikuwa akipanda peke yake. Hakumvuta mtu pamoja naye katika anguko lile. Lakini alimwacha mjane, na watoto, na taifa zima katika kilio. Hata anayepanda peke yake hafi peke yake.

2. Hatari ya mlima na hatari ya mpaka

Hatari ya mlima ni ya maumbile. Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, tena Januari 2002, moto ukaingia Goma na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Tena tarehe 22 Mei 2021. Mlima hauchukii mtu. Wataalamu wanausikiliza kwa vyombo vyao, na mara nyingine wanaweza kusema: ngojeni.

Hatari ya mpaka ni nyingine. Inatoka katika mioyo ya watu, nayo inahama. Leo iko upande huu, kesho imevuka. Tarehe 1 Machi 1999 watu wenye silaha waliotoka upande wa Kongo waliingia Bwindi, katika Uganda, mahali ambapo wageni walikuwa wamekuja kutazama masokwe. Waliwaua watalii wanane, pamoja na afisa wa mbuga, Mwuganda. Tarehe 17 Oktoba 2023, katika mbuga ya Queen Elizabeth, upande ule ule wa Uganda, waasi wa ADF waliwaua bwana na bibi waliofunga ndoa karibuni, na pamoja nao Mwuganda aliyekuwa akiwaongoza. Wageni hao wote walikuwa upande uliohesabiwa kuwa wa salama. Basi asiseme mtu: Mimi sikuvuka, yaliyo ng'ambo hayanihusu. Mpaka ni mstari katika karatasi. Risasi haisomi karatasi.

Na kwa nini wengine huvuka? Mara nyingi ni bei. Tangu mwaka 2017 Rwanda inadai dola 1,500 kwa mgeni mmoja anayetaka kuwatazama masokwe; upande wa Kongo bei ilikuwa chini sana ya hiyo. Mtu anaona kwamba atapunguza gharama. Lakini gharama iliyopungua katika mfuko wa mgeni, pengine imehamia katika kifua cha mtu mwingine.

3. Ushujaa na ujeuri

Mtakatifu Toma wa Akwino anatufundisha kwamba fadhila ya ushujaa inakaa katikati. Upande mmoja kuna woga, upande wa pili kuna ujeuri. Mwoga anakimbia hatari anayopaswa kuikabili. Mjeuri anaikimbilia hatari asiyopaswa kuigusa. Machoni pa watu mjeuri hufanana na shujaa, kwa maana wote wawili hawatetemeki. Tutawapambanua namna gani? Tuulize: anajitia hatarini kwa ajili ya nini?

Mtazameni mama anayevuka Petite Barrière alfajiri, toka Goma kwenda Gisenyi, kapu la mboga kichwani. Anajua kwamba pengine mpaka utafungwa, au kwamba atanyang'anywa mali yake. Anavuka kwa sababu watoto wanangoja chakula. Hakuna anayeweza kumwita mjeuri.

Mtazameni pia Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyoingia nchini. Walimletea rushwa ili aache vyakula vilivyooza vipite. Alikataa, asije akawaua walaji. Mwaka 2007 walimteka, wakamtesa, wakamwua, naye alikuwa na umri wa miaka 26. Eklezya ilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Huyo alisimama mpakani kama mlinzi wa afya ya watu asiowajua. Huo ndio ushujaa kamili: kuubeba uzito wa hatari ili mwingine asiubebe.

Sasa tumweke karibu nao mtu anayevuka mpaka siku ya vita ili apate picha ya kuwaonyesha rafiki zake. Hatari ni ile ile, labda risasi ni ile ile. Lakini sababu imepungua mno. Ibilisi alipompandisha Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu, alimwambia ajitupe chini, kwa maana malaika watamdaka. Yezu alikataa kumjaribu Mungu. Wala hakuona haya kuondoka walipookota mawe ili wampige kabla ya saa yake. Na Mtakatifu Paulo alikubali kushushwa ukutani ndani ya kapu, usiku, ili aokoke mikononi mwa adui zake wa Damasko. Je, tuseme kwamba Paulo alikuwa mwoga?

Wako wanaosema: Siku ya mtu ikifika, imefika, hata kama amelala kitandani. Ni kweli kwamba siku zetu ziko mikononi mwa Mungu. Lakini Mungu huyo huyo ametupa macho, masikio na akili, navyo ni katika njia zake za kutulinda. Anayefumba macho halafu anaomba ulinzi, amekwisha kukataa ulinzi wa kwanza.

4. Uhai wa mwenzako si nauli yako

Tumefika penye kiini cha neno. Katika safari hizi mgeni haendi peke yake. Yuko dereva. Wako wapagazi. Yuko kiongozi wa njia, na mlinzi wa Parke mwenye bunduki. Mgeni amechagua kuja. Je, hao nao wamechagua?

Tukumbuke tarehe 11 Mei 2018. Katika Parke ya Virunga watu wenye silaha waliwashambulia wageni wawili Waingereza na dereva wao. Mlinzi aliyekuwa pamoja nao, msichana wa miaka 25, aliuawa. Baada ya siku mbili wageni waliachiliwa, wakarudi kwao wazima. Msichana yule alizikwa. Hatusemi kwamba wageni wale walitenda dhambi. Walifuata njia iliyokuwa imefunguliwa kwa wageni. Baada ya tendo lile Parke ilifungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Tunasema tu kwamba siku ya hatari, anayesimama mbele ni mwenyeji. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kazi ya kuilinda Parke hiyo.

Pengine mtaalamu wa hesabu atatujibu: Lakini watu hao wanaishi kwa fedha ya wageni. Mgeni asipokuja, watoto wao watalala njaa. Neno hilo ni kweli, nasi tusilidharau. Fedha ya wageni imelipa mishahara na imesaidia vijiji. Lakini angalieni linathibitisha nini. Kama baba wa watoto sita hawezi kukataa kazi, basi kukubali kwake si uhuru kamili. Njaa imemjibia. Kwa sababu hiyo mwenye fedha ana wajibu wa kuwa na busara mara mbili: kwa ajili yake mwenyewe, na kwa ajili ya yule ambaye hana nguvu ya kusema hapana. Amri ya Tano haituzuii kuua kwa mkono tu. Inatukataza pia kuhatarisha bila sababu kubwa uhai wetu na uhai wa wengine.

5. Tufanye nini?

Kwanza, anayetaka kuvuka aulize habari kwa wenyeji wa mahali penyewe, wala asitosheke na habari za mwezi uliopita. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23 katika siku chache tu. Habari ya juzi inaweza kuwa mtego.

Pili, njia iliyofungwa ihesabiwe imefungwa. Kumpa askari rushwa ili afungue kizuizi, au kuzunguka mpaka kwa njia ya panya, ni kununua hatari kwa dhambi.

Tatu, kiongozi wa njia akisema turudi, turudi bila mabishano. Na mshahara wake alipwe kamili, kama vile angalifika kileleni. Anayemlipa kiongozi kwa sababu ya kufika tu, amenunua ukimya wake.

Nne, neno kwetu wenyeji. Wenye hoteli, madereva, viongozi, hata sisi wa parokia tunaopokea wageni: tuseme kweli. Kumficha mgeni habari mbaya ili asiende na fedha yake ni kumwuza. Mgeni anayerudi kwao mzima bila kuuona mlima, atakuja tena. Mlima haukimbii.

Tano, aliyevuka akarudi salama asijisifu mbele ya vijana kana kwamba amefanya ushujaa. Amshukuru Mungu, amkumbuke na yule aliyetembea mbele yake na bunduki.

Twaombea siku ambayo mtu ataweza kupanda Nyiragongo kama anavyopanda kwenda Misa, na mpaka utakuwa mahali pa kusalimiana. Mpaka siku hiyo, kila anayefunga mzigo wake ajiulize swali hili dogo mbele ya Mungu: Hatari hii ninayoipenda, nani ataibeba pamoja nami, na je, nimemwuliza?