Kidani cha Uzi

Mjini Chelles, karibu na Paris, imehifadhiwa nguo ya kitani ya karne ya 7. Kifuani imetariziwa kidani kwa nyuzi za hariri, na msalaba unaning'inia chini yake. Hakuna dhahabu wala kito. Inasemekana ni ya Balthild, malkia wa Wafranki.

Balthild alitoka Uingereza, akavushwa bahari akiwa mtumwa. Alinunuliwa kwa bei ya chini na Erchinoald, mkuu wa ikulu ya mfalme. Alipeleka vikombe, akaosha miguu ya wakubwa. Mwandishi wa maisha yake anasema bwana huyo alipofiwa na mkewe alimtaka binti, naye akajificha ndani ya matambara hadi mwingine akaolewa. Mimi sipiti haraka hapo. Mjakazi hakuwa na ruhusa ya kusema hapana, basi aliisema kwa matambara. Kisha akaolewa na mfalme mwenyewe, Clovis II. Je, safari hiyo kuna aliyemuuliza?

Mwaka 657 mfalme akafa, na mjane akashika utawala kwa niaba ya mwanawe Clothar III. Akakataza Wakristo wasiuzwe nje ya nchi. Akawakomboa mateka kwa fedha, hasa watu wa kabila lake. Utumwa wenyewe hakuufuta, na hilo linaniuma kila ninapomsoma. Hata hivyo mkono wake ulikwenda palepale alipoumia: kwenye bahari, kwenye biashara ya watu.

Miaka michache baadaye akaingia katika nyumba ya watawa aliyoijenga Chelles. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiitamani siku nyingi, lakini wakuu walimruhusu tu baada ya kumuua askofu Sigobrand, wakihofia atalipiza kisasi. Kwa hiyo hata mlango huo walimfungulia wengine. Ndani yake malkia alihudumu jikoni na kusafisha vyoo, kazi za mjakazi. Nimejiuliza sana kama alikuwa amerudi alikotoka. Naamini hapana. Safari hii angeweza kukataa kwa kinywa chake, wala asihitaji matambara, naye akainama kwa hiari.

Mkanda wake wa kifalme alikwisha kuuvua kiunoni, akautoa uwe sadaka. Kidani cha Chelles hakivuliki. Kimo ndani ya kitani chenyewe, mshono kwa mshono, uzi ukiingia na kutoka.