Mawaidha juu ya Amana ya Sauti

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha, akampa ulimi mmoja na midomo miwili ya kuufunga. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, ambaye hata maadui zake walimwita Muaminifu, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba kila kinachofikiwa na sauti ya mwadhini, kiwe jini au mtu au kitu cho chote, kitamshuhudia siku ya Kiyama. Wanavyuoni wameiweka Hadithi hii katika mlango wa adhana, ili mwadhini apate bidii ya kuinua sauti yake. Lakini mwenye akili akiizingatia huona ndani yake bishara na onyo pamoja. Kwani ikiwa sauti ya kheri ina mashahidi kila inapofika, basi sauti ya shari nayo haiwakosi. Na Kurani imetaja ya kuwa siku hiyo ardhi yenyewe itasimulia khabari zake. Kadiri sauti inavyokwenda mbali, ndivyo mashahidi wanavyozidi kuwa wengi.

Zamani sauti ya mtu haikupita mwisho wa mtaa wake. Akisema neno baya walilisikia kumi, na akitubu aliweza kuwaendea kumi wale akawataka radhi. Leo redio, ufundi ambao wazee wa pwani waliuita simu ya upepo, humchukua mtu aliyeketi katika chumba kidogo ikamwingiza katika nyumba elfu kwa saa moja. Mtu huyo atawataka radhi nani, na atawajuaje? Na katika Afrika ya Mashariki imekwisha onekana mifano miwili ya jambo hili, mmoja ng'ambo ya mto na mmoja ng'ambo ya pili, kwa mwenye kutaka kuzingatia.

SAUTI ILIYOUA

Mto wenyewe ni Kagera, unaopita baina ya Rwanda na wilaya ya Ngara, na daraja lake liko Rusumo penye maporomoko. Mwezi wa Julai 1993 mjini Kigali ilifunguliwa redio iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines. Ilianza kwa nyimbo na mzaha, vijana wakaipenda. Kisha ndani ya mzaha ikaingia dharau, baada ya dharau uwongo, na baada ya uwongo chuki. Watutsi wakaitwa mende. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, redio ile ikawa ikitaja watu kwa majina yao na mahali walipojificha, na wauaji wakienda huko huko walikoelekezwa. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000 kwa kadirio la Umoja wa Mataifa, na serikali ya Rwanda husema kuwa walizidi 1,000,000. Maiti walichukuliwa na Kagera mpaka ziwa la Victoria, na watu wa ufukoni upande wa Uganda wakawaopoa na kuwazika kwa maelfu.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu watu watatu kwa jambo hili mwezi wa Desemba 2003. Wa kwanza ni Ferdinand Nahimana, mtu wa elimu, aliyekuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu na mmoja wa waanzilishi wa redio ile. Wa pili ni Jean-Bosco Barayagwiza, mwanzilishi mwenziwe. Wa tatu ni Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Hakimu alimweleza Nahimana kwamba ameleta vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia hali ya kuwa hakushika bunduki wala panga. Mwaka 2007 mahakama ya rufani iliondoa baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu zao, walakini hapana hata mmoja aliyetoka bila ya hatia.

Na Waislamu walitazame vema jina la huyo mtu wa tatu. Hassan ni jina la mjukuu wa Mtume, wala halikumzuia mwenye nalo kuieneza chuki. Upande wa pili wako Waislamu wa Rwanda walioinusuru dini yao bila ya gazeti wala redio. Uislamu uliingia nchi ile pamoja na wafanya biashara na watumishi waliotoka pwani, hata Waislamu wake wakaitwa Waswahili. Wengi wao walikataa kuingia katika mauaji, na katika mtaa wa Biryogo mjini Kigali waliwaficha majirani zao majumbani mwao. Redio waliyoisikia ni ile ile waliyoisikia wengine. Lakini wao waliipima kwa Kitabu, wakakuta katika Suratul Maida kwamba mwenye kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama aliyeua watu wote, na mwenye kuihuisha moja ni kama aliyewahuisha wote. Basi wakachagua kuhuisha.

SAUTI ILIYOTUMAINISHA

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa mchana mmoja na usiku mmoja, watu baina ya 170,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kabla yao walikwisha kuja Warundi, waliokimbia nchi yao baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993. Mahali palipoitwa Benaco pakawa mji wa mahema, na wageni wakawazidi kwa hesabu wenyeji wa wilaya. Kuni zikawa mbali, maji yakawa haba. Tena pamoja na walioponea chupuchupu walivuka wale waliotoka na damu mikononi, wakalala katika kambi moja. Mama aliyepotewa na mwanawe njiani hakujua kama yu hai au amekufa. Na penye watu wengi wenye khofu, uvumi huzaa kuliko panya: leo wasema walioko nyumbani wameuawa, kesho wasema wageni watauawa hapa hapa.

Maradhi yaliyokuwa yamewafukuza watu hawa yalitiwa kwa masikio, na dawa yake nayo ilibidi ipitie masikioni. Mwaka ule ule wa 1994 idhaa ya BBC ilianzisha matangazo yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake chenye kuunganisha jamaa, yakisoma majina ya waliokuwa wakitafutana. Na mwaka 1995, Ngara kwenyewe, shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera. Neno hili kwa Kirundi na Kinyarwanda ni kutumaini. Ikasema kwa lugha hizo na kwa Kiswahili, ikisikika Ngara na Biharamulo na wilaya za jirani. Ikaeleza khabari za kambi, afya, mafunzo ya watoto na kupatana baada ya ugomvi. Mkimbizi na mwenyeji wakafanya kazi hiyo pamoja. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi ikafungwa mwaka 2008. Lakini redio haikufungwa pamoja na mahema, ikabaki kuwahudumia watu wa nchi.

Mtazame, basi, mto mmoja na ng'ambo zake mbili. Chombo ni kile kile, waya ni ule ule, hata lugha ni moja. Kule kilitaja jina la mtu ili auawe, na huku jina la mtu likatajwa ili mamaye ampate.

SHAKA MBILI NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: Redio ya Ngara ilikuwa ya mapadri, Muislamu ana haja gani ya kuitaja katika mawaidha? Jawabu lake limo katika sira ya Mtume mwenyewe. Kabla hajapewa utume alihudhuria nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, Makureshi walipoapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa katika mji wa Makka, awe mwenyeji au mgeni. Kiapo hicho ni Hilful Fudhul, na walioapa hawakuwa Waislamu. Na baada ya kuja Uislamu, Mtume alikisifu, akasema kwamba lau angaliitwa kwa kiapo kama kile angaliitika. Wema hauwi mbaya kwa kutangulia kutendwa na mwengine. La kumhuzunisha Muislamu si kwamba wengine wameufanya. Ni kwamba yeye alikuwako, ana ulimi, ana wasaa, na hakuufanya.

Na mwengine atasema: Ni nani atakayekaa mchana kutwa akisema na watu, wala asilipwe? Huyu amesahau mlango anaoupita mara tano kila siku. Uthman bin Abil As alipofanywa imamu wa watu wake, Mtume alimuagiza amuweke mwadhini asiyechukua ujira kwa adhana yake. Na adhana yenyewe iliota ndotoni kwa Abdallah bin Zaid, lakini Mtume alimuamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na yenye kufika mbali. Abdallah hakuona wivu, wala Bilal hakudai malipo. Mmoja alitoa maneno na mwengine akatoa sauti, na ujira wao uko kwa Mwenyezi Mungu.

Mfano wa Bilal haukukatika. Katika visiwa vya Zanzibar ziko redio ndogo za jamii, kama ile ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, na ile ya Tumbatu, kisiwa ambacho mtu hukifikia kwa chombo tu. Redio za namna hii husimama kwa watu wa kujitolea. Mwenye kusoma khabari jioni huenda asubuhi alikuwa shambani au baharini au darasani akisomesha. Hana mshahara, akipata nauli hushukuru, na akikosa huenda kwa miguu. Wenziwe humcheka na kumuuliza anapata nini. Lakini kisiwani mvuvi ahitaji kujua hali ya bahari kabla hajatweka tanga, mama ahitaji kujua siku ya chanjo ya mwanawe, na mji ukiingiliwa na kipindupindu kila nyumba yahitaji kuambiwa ichemshe maji. Neno moja la namna hiyo likimwokoa mtu mmoja, basi aya ya Suratul Maida imekwisha kumhusu aliyelisema.

SHARTI ZA MWENYE KUPELEKA SAUTI

La kwanza ni kuhakikisha. Katika Suratun Naml ndege hudhud alimjia Nabii Sulaiman na khabari za Sabaa, akadai kuwa ni khabari ya yakini. Nabii hakumkadhibisha wala hakumsadiki papo hapo. Alisema atatazama kama amesema kweli au uwongo, kisha akamtuma na barua. Ikiwa Nabii mwenye ufalme ule alisubiri, mwenye kuketi barazani asubiri zaidi. Na katika Suratul Hujurat Waumini wameamrishwa kuichunguza khabari iletwayo na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta.

La pili ni kutolidharau neno. Bibi Aisha aliposingiziwa, Mwenyezi Mungu aliwalaumu katika Suratun Nur wale waliolipokea jambo lile kwa ndimi zao, wakalisema bila ya kulijua, wakidhani ni jepesi, nalo mbele yake ni zito. Hawakulitunga wao, walilipokea tu na kulipitisha. Na kupitisha kulitosha kuwa dhambi.

La tatu ni kujua wakati wa kunyamaza. Mtume amefundisha kwamba mwenye kumuamini Mungu na siku ya mwisho ni mmoja wa wawili: ama hunena la kheri, ama hunyamaza.

Wala asidhani mtu kwamba sharti hizi ni za watangazaji peke yao. Leo kila mwanamume wa pwani ana simu mkononi, na kila mwenye simu ana redio yake. Baada ya Isha huketi barazani, kahawa ikapita, na kabla kikombe hakijapoa amekwisha kupeleka mbele khabari tatu asizojua asili yake: fulani kaiba, kabila fulani wanakuja, imamu wa msikiti fulani kapotoka. Hakumtukana mtu kwa kinywa chake, wala hakutunga. Amebonyeza tu kwa kidole. Nao wale wa Kigali walianza kwa mzaha.

Ikiwa kijana wa Tumbatu hutoa sauti yake bila ya malipo ili jirani yake asizame, basi mtu mzima ashindwe kutoa japo kimya chake? Na mwenye uwezo asitosheke na kimya. Mwenye elimu ya dini na akafundishe humo, mganga aeleze maradhi, mvuvi mzee aeleze pepo na misimu, na mwenye mali asaidie umeme wa mwezi mmoja. Hiyo ni sadaka inayofika mahali mkono usipofika.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu ndimi zenye kuunganisha na masikio yenye kuchungua. Awalipe kheri wote watoao sauti zao kwa ajili yake, awarehemu waliouawa kwa neno kabla ya kuuawa kwa panga, na siku ambayo kila kilichosikia kitasimama kushuhudia, awajaalie mashahidi wao wawe wa kuwatetea. Amin.

Wabillahi ttawfiq.