Mzigo wa Mwenzio na Miguu Mitatu

Wahenga wa pwani walikwishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao hawakusema hivyo kwa mzaha. Jicho huuona ukubwa wa mzigo, lakini uzito wake hulijua bega peke yake. Methali hiyo aghalabu hutajwa pale mtu anapoyafanya mepesi machungu ya mwingine. Ipo kazi moja, hata hivyo, ambamo maana yake hurudi kuwa ya kilo na frasila, nayo ni kazi ya kupiga picha kwa kamera kubwa ya mvukuto, ile isiyoshikika mkononi, ambayo bila ya stendi ya miguu mitatu si kitu ila sanduku.

Msomaji aliyezoea simu ya mkononi huenda akataka kujua kwa nini. Mwenye kamera ya namna hii hujifunika kichwa kwa nguo nyeusi, akaitazama sura iliyopinduka juu chini katika kioo cha ukungu kilichopo nyuma, akaisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka mistari ikakaa sawa. Kisha huifunga lenzi, akachomeka kasha lenye filamu ya inchi 4 kwa 5, au 8 kwa 10, mbele ya kile kioo, akakivuta kifuniko chake. Na tangu hapo haoni tena kitu. Kilichoonwa kimekwisha kuwa siri kati ya lenzi na filamu. Baina ya kuona na kupiga hupita dakika nzima au zaidi, na katika muda wote huo stendi ndiyo iliyowekewa amana ya kulinda mahali pale pale palipochaguliwa. Mguu mmoja ukizama kidogo mchangani, au kichwa kikipepesuka wakati kasha linapochomekwa, amana imevunjwa, na mwenyewe hatajua mpaka filamu isafishwe, siku nyingi baadaye na mbali na hapo.

Miguu yenyewe ni mitatu kwa sababu ile ile inayoyafanya mafiga kuwa matatu. Miguu minne hutaka sakafu iliyosawazishwa, la sivyo mmoja huning'inia. Mitatu hutosheka na ardhi yoyote. Mvuvi wa Unguja aijua hesabu hiyo bila ya kufundishwa, kwani gogo la ngalawa pamoja na ndubi zake mbili ni miguu mitatu iliyosimamishwa juu ya maji.

Sasa chombo hicho kipelekwe Singida. Mji wenyewe umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai, na pande zote yamelala mawe makubwa ya matale, mengine yamepandana kana kwamba yaliwekwa kwa mkono. Ni nchi ya kupigwa picha. Ni nchi ya upepo pia, hata Singida imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazofaa mitambo ya umeme wa upepo. Kamera ya mvukuto ikisimamishwa pale na nguo nyeusi ikaning'inia nyuma yake, haina tofauti na tanga. Jua la mchana likiwa wazi, filamu ya kasi ya 100 na tundu la lenzi lililobanwa hadi 32, lenzi hubaki wazi kwa sehemu ya ishirini na tano hivi ya sekunde. Magharibi ikikaribia, hesabu huwa ya sekunde nzima, mbili, nne. Upepo hauhitaji muda wote huo kuharibu kazi.

Hapo ndipo uchaguzi wa stendi unapoanza, na wauzaji hawasaidii sana. Kila mmoja huandika kilo ambazo chombo chake huzihimili, lakini hapana kipimo kimoja kinachowabana wote, na kuhimili si kutulia. Stendi iliyoandikiwa kilo 10 yaweza kuibeba kamera ya kilo 3 bila ya kuvunjika na bado ikatetemeka kama jani. Kinachotafutwa ni ukaidi wa kutozungushika: mtu aishike sahani ya juu kwa mikono miwili, ajaribu kuipinda kama anayekamua nguo, aone iwapo miguu inafuata. Alumini ni nzito, ya bei nafuu, na husambaza mtikisiko. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu, ila bei yake ni ya kuumiza. Mbao, ambazo wengi wamezidharau, huumeza mtikisiko haraka, na hazichomi mkono zikiachwa juani. Mlingoti wa kati unaopandishwa na kushushwa ni bora usiwepo kabisa, kwani ukipandishwa umeigeuza miguu mitatu kuwa mmoja. Mfuko wa mawe unaoning'inizwa chini husaidia pindi ukigusa ardhi; ukiachwa hewani huwa pembea. Ncha za chuma zafaa kwenye udongo wa kando ya ziwa, ambao chumvi yake hudai stendi ioshwe jioni ile ile, ila juu ya matale huteleza. Na katika mapango ya miamba yenye michoro ya kale, ambayo mkoa huu unayo ingawa yale ya Kondoa ndiyo yenye sifa, ncha haziruhusiki hata kidogo, maana chini ya vumbi la sakafu huenda yamelala matabaka ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale hawajayafikia. Huko mpira ndio adabu.

Juu ya miguu hukaa kichwa. (Chombo hiki kina miguu na kichwa, tumbo hakina; pengine ndiyo sababu kinavumilia njaa kuliko mwenyewe.) Kichwa cha gololi huachia pande zote kwa kifungo kimoja. Kwa kamera ndogo ni neema, lakini kwa kamera ya kilo 3 yenye lenzi mbele, kifungo kikilegezwa tu huanguka kama mtu aliyesinzia. Kichwa cha vipini vitatu huachia upande mmoja kwa wakati mmoja: kwanza kuinama, kisha kulala ubavu, kisha kugeuka, na kipimamaji kikathibitisha. Ni kizito na cha polepole, na vipini vyake huchoma kifua njiani. Kile cha gia ni kizito zaidi, na kila mzunguko wa kitasa hukisogeza kwa kiasi cha unywele. Kazi hii ya polepole hutaka kichwa cha polepole, na anayechukua cha gololi kwa ajili ya wepesi hulipa deni lake kwenye kioo cha ukungu.

Mpaka hapa ni mambo ya fundi. Lakini polepole hiyo ina upande wa pili, ambao unamhusu mwenye kupigwa picha.

Mwingereza husema kwamba picha huchukuliwa. Mswahili huipiga, kwa kitenzi kile kile cha ngoma, fimbo na bunduki. Lugha zote mbili zimeungama jambo. Kamera ya mkononi huweza kumpiga mtu kabla hajajua kuwa amepigwa, ilhali kamera ya miguu mitatu haiwezi. Mama anayeanika alizeti kando ya barabara ya kwenda Iramba huiona ikitolewa, ikifunguliwa mguu baada ya mguu, na ana robo saa ya kukataa, kuuliza malipo, kubadili kanga, au kumwita mjukuu wake asimame naye. Na saa ya kupiga ikifika, mpigapicha hayupo tena nyuma ya lenzi. Amesimama kando yake, waya wa kufyatulia mkononi, macho yake yakikutana na ya mama yule. Hakuna kamera iliyo na heshima zaidi ya hiyo, na heshima yenyewe inatokana na uzito. Lau ingekuwa nyepesi, robo saa ile isingekuwepo.

Basi haki ya mwenye kupigwa picha hudai uzito. Haki ya mwenye kubeba hudai wepesi. Katika studio za Unguja, toka ile ya A. C. Gomes ya karne ya 19 hadi Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, haki hizi mbili hazikugombana, kwa kuwa mtu alijipeleka mwenyewe mbele ya kamera, na kamera ilikaa pale pale. Ugomvi huzuka pale kamera inapomfuata mtu kwake.

Njia za Singida zina historia ndefu ya ugomvi huo. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipotoka Unguja mwaka 1860 kuelekea bara, Grant ndiye aliyekuwa mpigapicha. Picha za siku zile zilipigwa juu ya sahani za kioo zilizopakwa dawa papo hapo na kusafishwa zingali mbichi, kwa hiyo palihitajiwa pia hema la giza na chupa za dawa. Kazi ile haikudumu: Speke alimkataza mapema, Grant akageukia kuchora. Sababu iliyotolewa ni joto lililomwelemea Grant hemani, si uzito uliomwelemea mpagazi. Msafara ulipoingia Mgunda Mkali, nyika ya kiu na njaa kati ya Ugogo na Unyamwezi ambayo leo sehemu yake imo Manyoni na Itigi, wapagazi wengi walitoroka. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa unakaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Nusu karne baadaye mwanajiografia wa Kijerumani Erich Obst alitoka Mkalama kwenda kwa Wahadza, aliowaita Wakindiga, akachapisha habari zake mwaka 1912. Safari za zama hizo zilikwenda kwa mabega ya watu, na majina ya wenye mabega ni nadra kusomwa chini ya picha.

Atakuja mtu aseme kwamba zama zile zimepita, kwamba kijana wa leo anayebeba stendi hadi juu ya jabali huifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa hiari yake, na kwamba mpigapicha anayekataa kumwajiri ili dhamiri yake ikae safi amemnyima mlo wa siku. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Usafi wa moyo unaolipiwa na njaa ya mwingine ni uchoyo uliovaa kanzu. Hata hivyo ujira hujibu swali la malipo tu, wala haujibu swali la nani aliyeuchagua uzito. Aliyesimama dukani akakichagua kichwa cha kilo 3 badala ya kimoja na nusu, huku akijua kwamba bega lake halitakihisi, amefanya uchaguzi kwa kanda la usufi. Kijana huyo huyo, upepo ukizidi, ataambiwa asimame upande unakotoka aikinge kamera kwa mwili wake.

Njia iliyo karibu zaidi na haki ni kununua kana kwamba hakuna wa kukodiwa. Hesabu yake si ngumu. Kamera ya 4 kwa 5 ya kukunjwa ina kilo 2 hivi, lenzi mbili kilo moja, makasha kumi kilo 2, stendi ya kaboni kilo 3, kichwa cha vipini vitatu kilo moja na nusu. Ukiongeza maji, zimefika kilo 12. Mtu mzima mwenye afya huweza kupanda nazo jabali na kushuka. Ile ya 8 kwa 10, pamoja na stendi ya mbao, kichwa cha kuilingana na makasha matano tu, imepita frasila moja kabla ya tone la maji. Anayeweza kuibeba mwenyewe na aibebe. Akimwajiri mwenziwe, wagawane mizigo na wabadilishane njiani, ili wote wawili waujue uzani wa kila kitu, na jina la mwenziwe liandikwe panapoandikwa lake.

Asiyeiweza bado anayo barabara ya lami, ambapo gari husimama hatua chache kutoka ziwa Kindai, na hapo stendi ya mbao ya kilo 6 haimdhulumu mtu. Picha za huko juu maweni zitapigwa kwa kamera ndogo zaidi, au zitaachwa. Grant naye alifika Mgunda Mkali na penseli.