Mficha Uchi Hazai: Saroo, Lucy na Mama Wawili

Yuko kijana anayevunja mioyo kwa uhuni tu, na yuko anayeivunja kwa kuwa wake ulivunjika mapema, kabla hajajua kuutunza. Huyu wa pili ndiye tunayekutana naye katika Lion, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Garth Davis, ambamo Dev Patel anamwigiza Saroo Brierley. Wengi huisimulia kama hadithi ya mtoto aliyepotea na ramani ya kompyuta iliyomrudisha kwao. Mimi kilichonikaa moyoni ni mapenzi yaliyomo ndani yake, na jinsi yalivyoumizwa bila sababu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1986, Saroo akiwa na umri wa miaka mitano hivi, alifuatana usiku na kaka yake Guddu hadi stesheni ya Burhanpur, katikati ya India. Usingizi ukamzidi, kaka akamwambia amngoje pale kwenye benchi. Alipoamka hakumwona. Akaingia kwenye behewa tupu, akalala tena, na treni ikamchukua mpaka Calcutta, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Huko watu wanasema Kibengali, naye alijua Kihindi. Jina la mtaa wao alilitamka visivyo, hakuna aliyeweza kumsaidia. Mwaka uliofuata akaasiliwa na Sue na John Brierley, akapelekwa Hobart, kisiwani Tasmania.

Akalelewa vizuri, kwa upendo wa kweli. Kwenye filamu anakwenda Melbourne kusomea uendeshaji wa hoteli, na huko anampenda Lucy, anayeigizwa na Rooney Mara. Siku moja wako kwenye karamu ya wanafunzi, Saroo anaingia jikoni na kuona sahani ya jalebi, zile zile zinazong'aa kwa shira ambazo mtu wa Mombasa au Unguja anazijua tangu utotoni. Anaokota moja na kuipeleka mdomoni. Hapo hapo kaka yake anamrudia, na ile jalebi aliyoitamani sokoni wakati hawakuwa na hela ya kuinunua.

Tangu hapo hatulii. Anapiga hesabu ya kasi ya treni na saa alizosafiri, anachora duara kwenye ramani, kisha anafuata reli moja baada ya nyingine kupitia Google Earth. Anaacha kazi, anajifungia ndani. Lucy anajaribu kumfikia, naye anamsukuma mbali. Anamwona mama yake akimlilia na kaka yake akimwita kila siku, na anaionea aibu raha aliyo nayo. Kwa hiyo anaikataa raha, na Lucy anakataliwa pamoja nayo. Kwa Sue ndiyo kabisa haendi, akihofia kuonekana hana shukrani.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Sidhani kuna methali inayomfaa Saroo kuliko hiyo. Kumtafuta mama ni haki yake, na simlaumu kwa hilo hata kidogo. Lawama yangu ni ule ufichaji. Jambo zito kama hilo kwetu hulipeleki peke yako. Unawaita watu wako, mnakaa kitako, mnalizungumza. Ndiyo maana hata posa haipiti kabla wazee hawajauliza huyu ni mtoto wa nani na kwao ni wapi. Na sheria ya Kiislamu, ambayo familia nyingi za pwani zinaifuata, inamtaka mtoto wa kulea abaki na nasaba yake, asifutiwe baba yake mzazi. Hata hivyo wapo wazazi wanaomficha mtoto asili yake mpaka anaisikia mtaani kwa mtu mwenye ugomvi. Hofu yao naielewa: wanadhani akijua, atawaacha.

Jibu la hofu hiyo liko kwa Sue, na ndipo Nicole Kidman, ambaye mwenyewe ameasili watoto wawili, anapoigiza kwa uzito unaostahili. Saroo anampa pole kwa kuwa hakujaaliwa kuzaa. Sue anamwambia kwamba wangeweza kuzaa. Waliamua kuwachukua watoto waliokwisha kuja duniani na hawana wa kuwatunza. Kijana alikuwa akimkinga mama kutokana na jeraha ambalo mama hakuwa nalo. Akishafunguka, Sue anamwombea amkute mama yake mzima, ili naye aone mwanawe amekua mzuri kiasi gani.

Mwaka 2011 Saroo akauona mtaa wa Ganesh Talai, mjini Khandwa, na Februari 2012 akaenda. Nyumba yao ilikuwa tupu. Mama yake alikuwa amehamia jirani tu, kwani miaka yote hiyo alikataa kwenda mbali, mwanawe asije akarudi akamkosa. Guddu hakuwepo: aligongwa na treni usiku ule ule, na mama alipoteza watoto wawili kwa mara moja.

Mwisho wa filamu tunaonyeshwa picha halisi za Sue akikutana na mama mzazi huko India, Saroo akiwa kati yao. Naipenda sana sehemu hiyo. Lakini naona watunzi wamemlipa Lucy kwa haraka mno. Yeye ndiye aliyekaa na Saroo katika miezi mibaya, akafungiwa mlango, na hakuwa amemkosea kitu. Sue alipata mazungumzo marefu, ya uso kwa uso, na Lucy naye aliyastahili.